Kati ya nafsi na kitenzi: mahali pa maneno ya wakati katika sentensi ya Kiingereza

Mwanafunzi wangu mmoja, fundi umeme aliyekuwa akijiandaa kwa usaili wa kazi, aliniletea barua aliyoiandika kwa Kiingereza. Karatasi safi, mwandiko umenyooka, tahajia haina kosa. Sentensi ya tatu ilisema hivi:

"I am always arrive at work early and I every day check my tools."

Nikamuuliza, kwa Kiswahili ungesemaje? Akajibu papo hapo: "Mimi huwa nafika kazini mapema, na mimi kila siku nakagua vifaa vyangu." Kiswahili hicho hakina doa. Alichofanya ni kukihamisha jinsi kilivyo, kipande kwa kipande, na Kiingereza kikakataa mara mbili ndani ya mstari mmoja. Tulikaa na sentensi ile moja kwa zaidi ya saa nzima, na maelezo yanayofuata yametokana na kikao kile. Yeyote anayeandika barua za kazi, anayejiandaa kwa mtihani, au anayeongea na wateja kwa Kiingereza atakutana na tatizo hili, maana hakuna siku inayopita bila mtu kuhitaji kusema "tayari", "bado", "huwa" au "jana".

Hatua ya kwanza: tambua kwamba nafasi hii unaijua tayari

Chukua neno "ameshafika". Darasani hulichora ubaoni kwa herufi kubwa, kisha nalikata kwa mistari ya wima:

a | me | sha | fika

Chini yake naandika:

he | has | already | arrived

Mpangilio ni uleule. "A" ni mtenda, "me" inaonyesha jambo limetimia, "sha" inasema limetimia tayari, na "fika" ndicho kitendo chenyewe. Kiswahili kimevishona vipande vinne kuwa neno moja, Kiingereza kimeviacha vinne mbalimbali, lakini foleni ni moja. Hiyo "sha" ni kifupi cha kitenzi "kwisha". Wapo wanaosema hadi leo "amekwisha fika". Kwa hiyo mtu anayeandika "Already he has arrived" au "He already has arrive" amesahau kitu ambacho ulimi wake unakifanya kila siku bila kufundishwa.

Sasa angalia upande wa pili. Kiswahili kinaruhusu pia neno la wakati lisimame peke yake kati ya nafsi na kitenzi, na hapo kinapokea karibu kila kitu: "Mimi jana nilikwenda shamba." "Sisi kesho tunasafiri." "Yeye kila Jumapili anakuja." Hatuoni ajabu yoyote. Kiingereza hakiruhusu ukarimu huo. Kati ya "I" na kitenzi kuna nafasi nyembamba, na ina mlinzi mlangoni.

Shika jambo hili moja, mengine yote yatakaa sawa: nafasi ya katikati ya Kiingereza inafanana na tumbo la kitenzi cha Kiswahili, pale zinapokaa "hu", "sha", "ngali" na "wahi". Haifanani na ile nafasi ya wazi baada ya "mimi". Maana tunazozibeba ndani ya kitenzi ndizo Kiingereza kinazoziweka kati ya nafsi na kitenzi. Siku, tarehe na saa hukaa nje.

Hatua ya pili: pima neno lako kabla ya kuliweka

Jiulize: neno hili linajibu swali "lini hasa?" Ukiweza kuonyesha jibu lake kwenye kalenda au kwenye saa ya ukutani, haliingii katikati. "Yesterday", "tomorrow", "on Monday", "last year", "at six o'clock", "every day", "twice a week": yote haya yanaonyeshwa au yanahesabika. Yaweke mwisho wa sentensi, au mwanzoni kabisa.

Kama neno halionyeshi siku wala saa, ila linasema jambo hutokea mara ngapi kwa makadirio, au limefikia wapi, basi mahali pake ni katikati. Haya ndiyo utakayoyatumia zaidi: "always", "usually", "often", "sometimes", "rarely", "never", "ever", "already", "still", "just". Usikariri orodha ndefu kuliko hiyo kwa sasa.

Kipimo hiki kinamnasa vizuri "every day". Wanafunzi hudhani kwamba kwa kuwa "always" na "every day" zina maana za karibu, zinakaa pamoja. Hapana. "Every day" unaweza kuihesabu kwenye kalenda, kisanduku kwa kisanduku. "Always" huwezi. Ndiyo maana:

"I always check my tools."
"I check my tools every day."

Neno "once" linaweza kukaa pande zote mbili, na kila upande una maana yake. "I once lived in Tabora" maana yake niliwahi kuishi Tabora, zamani fulani. "I visited Tabora once" maana yake nilifika Tabora mara moja tu, sikurudia. Ona jinsi Kiswahili kinavyotuongoza hata hapa: "niliwahi" imo ndani ya kundi la kitenzi, na Kiingereza kinaiweka katikati, "mara moja" iko nje, na Kiingereza kinaipeleka mwisho.

Hatua ya tatu: sentensi yenye kitenzi kimoja

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Nafsi, neno la wakati, kitenzi.

"She often calls me."
"They never pay on time."
"We usually eat ugali in the evening."

Kosa linaloonekana sana ni kuanza na "always", kwa sababu "siku zote" huanza vizuri katika Kiswahili. "Siku zote mimi husali kabla ya kulala" inageuka kuwa "Always I pray before sleeping." Iandike "I always pray before sleeping." Maneno "usually", "often" na "sometimes" yanaweza kutangulia nafsi bila ubaya: "Sometimes I walk to work." Lakini "always" na "never" yasianze sentensi ya kawaida. Yanaanza tu unapotoa amri au onyo: "Always lock the gate." "Never touch that wire." Fundi wangu yule alizifurahia sana hizo mbili, kwa sababu zimebandikwa kwenye vibao vya kazini kwao na hakuwahi kujiuliza kwa nini zinaanza hivyo. Katika amri hakuna nafsi inayotamkwa, kwa hiyo neno la wakati linajikuta la kwanza.

Kosa la pili ni baya zaidi: kuliingiza neno la wakati kati ya kitenzi na kile kinachotendwa, yaani shamirisho, au yambwa kama wengine wanavyoita. "She speaks often English." "I read always the newspaper." Kiingereza kinashikamanisha kitenzi na shamirisho lake kama kidole na ukucha. Sema "She often speaks English", "I always read the newspaper."

Hapa nawafikiria hasa ndugu zetu wa Congo na Burundi waliosomeshwa kwa Kifaransa. Kifaransa husema "Il parle souvent anglais", kitenzi kwanza, neno la wakati baadaye. Kwao kosa hili halitoki kwenye Kiswahili hata kidogo, linatoka darasani walikojifunza Kifaransa, na kuling'oa kunahitaji mazoezi ya makusudi. Ukiwa mmoja wao, kila unapoandika "often" au "always" rudi nyuma uangalie limekaa kabla ya kitenzi au baada yake.

Na tafadhali usidhani kwamba "kati ya nafsi na kitenzi" ni mara zote neno la pili katika sentensi. Mtenda anaweza kuwa mrefu: "The man who sells charcoal near our house always opens before dawn." Mtenda hapo ni maneno yote hadi "house". Tafuta kitenzi kikuu, "opens", kisha weka neno la wakati mbele yake. Ukilitupia karibu na "sells" umebadilisha habari: sasa unasema anauza mkaa siku zote, na ule ufunguzi wa alfajiri umebaki bila maelezo.

Hatua ya nne: "am, is, are, was, were"

Kitenzi hiki kina tabia yake. Neno la wakati linakaa baada yake.

"I am always ready."
"He is never at home."
"The roads were often flooded."

Wengi huikosea kwa kutumia kanuni ya hatua ya tatu kwa bidii mno, wakaandika "I always am ready." Mpangilio huo hauharamishwi, husikika mtu anapokazia au anapojibu kwa mkato: "Are you ready?" "I always am." Katika maandishi ya kawaida shika "I am always ready".

Sasa tuje kwenye "huwa", maana hapa ndipo barua ya fundi ilipojikwaa. "Huwa" ni "hu" ya mazoea iliyobandikwa kwenye kitenzi "wa", kile kile cha "kuwa". Mtu anaposema "mimi huwa nafika mapema", masikio yake yanasikia "kuwa" mle ndani, na "kuwa" kwa Kiingereza ni "be", kwa hiyo mkono unaandika "am". Matokeo ni "I am usually arrive", "I am always go", "we are usually eat". Nimeyaona makosa haya kwa wanafunzi wa sekondari, kwa wahitimu wa chuo, hata kwa walimu wenzangu.

Dawa yake ni hii. "Huwa" ikifuatiwa na kitendo, itupe. Iache kazi yake ifanywe na "usually" au "always":

Mimi huwa nakunywa chai asubuhi. "I usually drink tea in the morning."

"Huwa" ikifuatiwa na hali au sifa, hapo "am, is, are" ina haki ya kubaki:

Yeye huwa mkali Jumatatu. "He is usually strict on Mondays."

Jaribu kwa kuuliza: kuna kitendo kingine baada ya "huwa"? Kama kipo, hakuna "am".

Kuna jambo lingine la kuangalia kwenye "hu". Kiambishi hiki hakibebi nafsi. "Huamka mapema" inaweza kuwa mimi, wewe au wao. Msikilizaji anajua kwa muktadha. Kiingereza hakikubali nafsi iachwe. Na nafsi hiyo iwe moja: yale mazoea ya "Me I always take tea", yanayotokana na "Mimi hunywa chai", yaishie mtaani. Kwenye karatasi ni "I always take tea."

Hatua ya tano: vitenzi visaidizi

Sentensi ikiwa na kisaidizi, kama "have", "has", "had", "will", "can", "should" na wenzao, neno la wakati linaingia baada ya kisaidizi, kabla ya kitenzi kikuu. Hii ndiyo foleni ya "a-me-sha-fika".

"I have already told him."
"You should always wash your hands."
"We will never forget you."

Visaidizi vikiwa viwili au vitatu, liweke baada ya kile cha kwanza: "The bridge has often been repaired." "She will soon have finished."

Angalia vifupi. Katika "He's already left", hiyo 's ni "has"; katika "He's always late", ni "is". Vyote viwili vinatangulia neno la wakati, kwa hiyo jicho lako lisidanganyike kuona "he" na "already" zimekaribiana ukadhani kisaidizi hakipo. Ukiwa na shaka, kifungue kifupi, andika sentensi nzima, kisha uangalie foleni.

"Ndiyo kwanza nimefika" ni "I have just arrived." "Ndiyo kwanza" yetu huanza sentensi, "just" yao huingia katikati. Mmarekani anaweza kukuambia "I just arrived" au "I already ate" bila "have", na kwao ni sahihi katika mazungumzo. Kama mtihani wako unafuata Kiingereza cha Uingereza, kama ilivyo katika shule zetu nyingi, andika "I have just arrived", "I have already eaten."

Kuna vitu viwili vinavyofanana na visaidizi lakini havifuati foleni hii. "Have to" hutanguliwa: "I always have to wait." Na "used to" inakubali pande zote: "I always used to walk", "I used to always walk." Chagua mmoja uuzoee.

Hatua ya sita: kukanusha

Kuhamisha neno moja hapa kunaweza kumfanya mtu aonekane mwongo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"He doesn't always come." Haji siku zote, siku nyingine huja.
"He never comes." Haji kabisa.

Mwanafunzi anayetaka kusema "Haji siku zote" kwa maana ya pili, yaani siku zote haji, huandika "He always doesn't come", na msomaji Mwingereza anabaki akisugua macho. Unapotaka kusema "kamwe" au "kabisa haijatokea", tumia "never" bila kukanusha tena. "Sitarudi kamwe" ina vikanushi viwili kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo ilivyo. Kwa Kiingereza ni "I will never return." Ukiandika "I will not never return" umejifuta mwenyewe.

"Sijawahi" ni hivyohivyo: "Sijawahi kumwona" ni "I have never seen him." Hiyo "si" na "wahi" zimeungana kuwa "never".

"Usually" na "often" hukaa vizuri baada ya "not": "We don't usually work on Sundays." Lakini "sometimes" hutangulia: "I sometimes don't hear the phone." Na "still" hutangulia daima: "He still hasn't paid." "I still don't understand." Usiandike "He hasn't still paid."

Bado, bado, bado

Nimelitenga neno hili kwa sababu ndilo linaloleta vurugu kubwa kuliko yote. Kiswahili kina "bado" moja inayofanya kazi mbili, na Kiingereza kimezigawa.

Bado analala. "He is still sleeping."
Bado hajaamka. "He hasn't woken up yet."

Ya kwanza ina kitendo kinachoendelea: "still", katikati, baada ya "is". Ya pili ina "ja" ya kukanusha: "yet", mwisho kabisa. Ukitaka kuonyesha kwamba umechoka kusubiri, ya pili unaweza kuisema kwa "still" kabla ya kisaidizi: "He still hasn't woken up." Maana ni ileile, subira imepungua.

Mtu akikuuliza "Has he come?" na jibu lako la Kiswahili ni "Bado", usijibu "Still". Jibu ni "Not yet." Niliwahi kumsikia mpokeaji wageni akimwambia mgeni "Still, still" huku akitabasamu, na mgeni akasubiri aendelee na sentensi. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake.

Kuna pia "angali", ambayo magazetini na vitabuni ungali unaikuta: "Wangali wanasubiri." Hiyo ni "still" peke yake, haina utata: "They are still waiting."

Hatua ya saba: maswali

Kisaidizi kinaruka mbele ya nafsi, neno la wakati linabaki palepale lilipokuwa, kati ya nafsi na kitenzi.

"Do you always eat here?"
"Has she already left?"
"Have you ever been to Kigoma?"

"Umewahi kufika Kigoma?" Tena "wahi" ipo ndani, na "ever" ipo katikati. Usiiweke mwisho.

Kwenye swali la "am, is, are" kitenzi kimeshavuka, kwa hiyo neno la wakati linafuata nafsi moja kwa moja: "Is he always this quiet?"

Hatua ya nane: siku, tarehe na saa

Maneno ya kalenda yaende mwisho. Mahali hutangulia wakati: "Nilikwenda jana sokoni" ni "I went to the market yesterday." Kuyaweka mwanzoni ni sawa ukitaka kuupa wakati uzito: "Yesterday I went to the market." Kilichokatazwa ni "I yesterday went to the market", na "I went yesterday to the market" inakwaruza sikio.

Nyakati zikiwa mbili, geuza mpangilio wako. Sisi huanza na kikubwa tukashuka: kesho, asubuhi, saa mbili. Wao huanza na kidogo wakapanda: "at eight o'clock tomorrow morning". Na hesabu ya saa nayo unaijua: sisi tunahesabu tangu kucha na tangu kuchwa, kwa hiyo saa mbili asubuhi ni "eight". Nimeona mtu akikosa usaili kwa sababu aliandika kwenye ujumbe wake "at two" akiwa anafikiria saa mbili.

Angalia pia kitenzi chenyewe. Katika maongezi tunasema "Nimemwona jana" bila kusitasita. Kiingereza hakiunganishi "have" na siku iliyokwisha. "I have seen him yesterday" ni kosa; andika "I saw him yesterday", kama ungesema "Nilimwona jana". Kama hutaji siku, "I have already seen him" inatosha.

Utaniuliza: mbona magazeti ya Kiingereza ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huandika "The minister yesterday told farmers that..."? Ni kweli, na si kosa la uchapaji. Mwandishi wa habari ana sentensi ndefu mkononi, na akiipeleka "yesterday" mwisho itaangukia kitenzi kingine. Linganisha:

"The minister yesterday said the road would be opened."
"The minister said the road would be opened yesterday."

Ya kwanza: waziri alisema jana. Ya pili: barabara ingefunguliwa jana. Neno la wakati hung'ang'ania kitenzi kilicho karibu nalo, na mwandishi analiweka katikati ili lisipotee. Huo ni mtindo wa chumba cha habari. Katika insha, barua au mtihani, pata ufumbuzi kwa kuanza nalo: "Yesterday the minister said the road would be opened."

Mazoezi ya mezani

Kata boksi la kiatu vipande vidogo. Kila kipande kiandike neno moja: nafsi, visaidizi, vitenzi, maneno ya wakati. Vya kalenda viandike kwa wino mwekundu. Panga sentensi mezani, kisha jaribu kusukuma kipande chekundu katikati. Mkono ukishazoea kukirudisha mwisho, kalamu nayo itafuata. Nimewafanyia watoto na watu wazima, na watu wazima ndio wanaoshikilia vipande kwa muda mrefu zaidi.

Halafu ziba majibu haya kwa karatasi, tafsiri mwenyewe, ndipo ufunue.

Nimeshamlipa fundi.
"I have already paid the electrician."

Mama huwa hali nyama usiku.
"My mother doesn't usually eat meat at night."

Mvua bado inanyesha.
"It is still raining."

Mvua bado haijanyesha.
"It hasn't rained yet."

Sisi kesho tunasafiri.
"We are travelling tomorrow."

Ndiyo kwanza nimeamka.
"I have just woken up."

Wakati mwingine intaneti haifanyi kazi.
"The internet sometimes doesn't work."

Niliwahi kufanya kazi Mwanza.
"I once worked in Mwanza."

Ni mara chache anakuja mapema.
"He rarely comes early."

Usiufungue kamwe mlango huu.
"Never open this door."

Mimi huwa nafika kazini mapema, na mimi kila siku nakagua vifaa vyangu.
"I always arrive at work early, and I check my tools every day."

Hiyo ya mwisho fundi aliiandika upya mwenyewe, chini kabisa ya barua yake ya kwanza, kwa penseli.